Mhandisi wa Kiwanja cha Karavani

Jumatatu asubuhi, mtu aliyejulikana mjini kwa jina la Mhandisi alisimama nje ya uzio wa kiwanja cha karavani, akaona jambo ambalo wapita njia wengine wote hawakuliona. Aliona viguzo kumi na viwili vifupi, kila kimoja na kisanduku chake cha umeme, na hakuna hata mtu mmoja aliyevaa ovaroli.

Kwa watu wa kawaida hicho kilikuwa kiwanja tu. Watu wenye nafasi walikuja na karavani zao, vile vyumba vyenye magurudumu vinavyokokotwa nyuma ya gari, wakaegesha, wakavuta waya kutoka karavani hadi kwenye kiguzo, wakapata taa na friji mbali na nyumba zao nzuri ambazo tayari zilikuwa na taa na friji. Kwa Mhandisi, ilikuwa nafasi ya kazi iliyo wazi.

Mhandisi hakuwa mhandisi. Umeme aliusoma muhula mmoja, akaacha walipofika kwenye hesabu. Lakini alikuwa na ovaroli ya bluu, bisibisi iliyochomoza mfukoni, na uso wa mtu aliyesikitishwa na kazi ya fundi aliyemtangulia. Uso huo ndio nusu ya ufundi wowote duniani, na Mhandisi aliumiliki kikamilifu.

Siku hiyo hakutafuta pesa. Alitafuta barua. Dada yake mkubwa, fundi cherehani, alikuwa amemhifadhi sebuleni kwa mwaka wa tatu sasa, na Jumapili alikuwa ameweka mkasi mezani na kusema:

"Mdogo wangu, mwisho Ijumaa. Niletee barua ya kazi yenye muhuri, la sivyo chukua begi lako. Nimechoka kuwaambia wateja kwamba kinachokoroma ni redio."

Muhuri ulihitajika uwe wa kweli. Ule aliouchonga mwenyewe kwa soli ya ndala, dada alikwisha kuugundua na kuutupa jalalani.

Mwenye kiwanja aliitwa Bosi na watu wote, yeye mwenyewe akiwemo. Mhandisi hakumsalimia kwa maneno mengi. Alifungua kisanduku cha kwanza, akachungulia, akafumba macho.

"Nani alifunga hizi nyaya?"

"Jamaa mmoja," Bosi alisema. "Alikuwa na bei nzuri."

"Inaonekana."

"Kwani kuna nini?"

"Bosi, wakaguzi wa umeme wanazunguka mji mzima. Kiwanja kisicho na mhandisi wa kuwajibika kinafungwa siku hiyo hiyo. Na mhandisi wa kweli ukimwajiri, utauza uzio." Akashusha sauti. "Mimi nitakuazima jina langu. Sitaki mshahara. Nipe barua tu, yenye muhuri, ikae kwenye kumbukumbu."

Bosi aliitazama ile ovaroli, kisha viguzo vyake.

"Barua tu?"

"Barua tu."

"Njoo kesho asubuhi."

Mhandisi aliondoka akimhurumia. Watu wengine, aliwaza, ni wepesi kudanganyika mpaka unaona haya kuwatapeli.

Barua ilikuwa na kurasa mbili na muhuri wa duara, wa zambarau, uliotua vizuri bila kufifia upande. Mhandisi aliukagua muhuri kwa dakika nzima, akatia sahihi chini yake. Hayo mengine hakuyasoma. Katika miaka yake yote ya kutembeza barua bandia hakuwahi kukutana na mtu aliyesoma maneno. Kila mtu alitafuta muhuri, akaridhika. Baada ya muda na yeye alianza kuamini kwamba maneno huwekwa ili muhuri usikae peke yake.

Nyumbani, dada yake alivaa miwani akasoma yote.

"Miaka miwili?"

"Nini miaka miwili?"

"Hapa wameandika umekuwa mhandisi wao miaka miwili. Una kazi miaka miwili, na sabuni ya kuogea unatumia yangu?"

Mhandisi alichungulia. Ni kweli, tarehe ilikuwa ya zamani. Moyo wake ulimjaa shukrani: Bosi alikuwa amemwongezea uongo bure, kama muuza duka mwema anayeongeza kipimo.

"Nilitaka kukushtukiza, dada."

"Umenishtukiza. Na huku chini wanasema wewe ndiye uliye..."

"Hayo ya kitaalamu," alisema, akaikunja barua.

"Sawa. Basi kila asubuhi nikuone unatoka na hiyo ovaroli. Na Ijumaa nakuja kuiona kazi yenyewe."

Ndivyo ilivyotokea kwamba Jumatano, baada ya mvua, Mhandisi alikuwa kiwanjani akiegemea kiguzo namba nne kwa heshima zote, gari dogo lilipoingia likikokota karavani nyeupe. Alishuka mama wa makamo, raba miguuni, daftari mkononi.

"Mwanangu, samahani, wewe ndiye fundi? Mimi mambo ya umeme siyajui kabisa."

Hayo ni maneno matamu sana katika sikio la mtu kama Mhandisi.

"Mama, wewe pumzika."

Alitoa karavanini waya mnene uliokuwa umeviringwa vizuri, akachomeka plagi kwenye kiguzo, akawasha swichi kwa mbwembwe, kisha akaanza kukatiza nyasi mbichi kuelekea karavani akiwa ameshika ncha ya pili.

"Hiyo ncha uliyoshika, mwanangu, sasa hivi ina umeme?"

Mhandisi aliitazama ncha. "Kidogo."

"Mimi nilisikia unazima swichi ya kiguzo kwanza, unachomeka upande wa karavani, halafu kiguzo, ndipo unawasha mwishoni."

"Wapo wanaofanya hivyo," Mhandisi alisema kwa upole wa msomi. "Mtindo wa zamani."

Mama aliandika. Mhandisi aliwapenda wateja wanaoandika.

"Na waya ukiuacha umeviringwa hivyo, haupati joto mpaka ukaungua?"

"Joto linausaidia umeme kupita."

"Ahaa." Aliandika tena. "Na waya wa ardhi? Ule wa kijani na manjano. Nasikia karavani ikiwa na hitilafu, huo ndio unaopeleka umeme ardhini, usipite kwangu mimi nikishika mlango."

"Upo."

"Nionyeshe basi."

Mhandisi alirudi na ncha yake kwenye kiguzo, akafungua kisanduku na kwa mara ya kwanza akatazama kweli. Waya wa kijani na manjano ulishuka nao vizuri tu, ukafika katikati, ukakatwa, ukafungwa utepe mweusi. Haukwenda popote. Alikuwa na sentensi tayari mdomoni, nzuri, yenye maneno mawili ya kigeni. Kisha akamwona yule mama: raba zake zimezama kwenye nyasi zenye maji, mkono umeshika kitasa cha chuma. Ule muhula mmoja ukamrudia wote kwa pamoja.

Akazima swichi ya kiguzo. Akachomoa plagi. Akasimama mbele ya kiguzo, asije mtu akaichomeka.

"Mama, hapa hulali na umeme huu."

"Vizuri," mama alisema, akafunga daftari na kutoa kitambulisho. Alikuwa mkaguzi wa umeme. "Nilikuwa nasubiri nione kama utazima."

Bosi alifika akikimbia, akitabasamu, na nakala ya barua mkononi.

"Mama mkaguzi, karibu! Onyo lako la wiki iliyopita nimelizingatia. Uliulizia mhusika, mhusika ndiye huyu. Soma aya ya tatu."

Mkaguzi alisoma kwa sauti. "'Ndiye aliyefunga nyaya zote kwa mikono yake, na ndiye atakayejibu kasoro yoyote, ya zamani, ya sasa na ijayo.'" Akainua macho. "Sahihi ni yako?"

Mhandisi aliutazama muhuri. Ulikuwa mzuri bado.

"Ni yangu."

"Basi una njia mbili. Sema barua ni ya uongo, twende wote watatu kituo cha polisi mkaeleze. Au sema ni ya kweli, basi ubovu huu ni wako, utaurekebisha chini ya fundi mwenye leseni nitakayemleta mimi, na kiwanja hakiwashi taa mpaka nirudi kupima."

Bosi aliangalia mawingu. Mhandisi aliwaza sebule, begi, Ijumaa.

"Ni ya kweli," alisema, na sauti ilimtoka ndogo.

"Bosi amefanya vizuri," mkaguzi aliendelea, akigeuza ukurasa. "Aya ya nne: 'Mwajiri atampa mhandisi vifaa vyote atakavyodai, bila pingamizi.'"

"Imeandikwa hivyo?" Bosi aliuliza. Alikuwa ameinakili barua kutoka sampuli ya duka la vifaa vya ofisi, akabadilisha aya ya tatu peke yake.

"Nadai," alisema Mhandisi.

Siku ya Ijumaa dada alimkuta ndugu yake ndani ya shimo, udongo umemfika magotini, malengelenge viganjani, akipigilia ardhini fimbo ya shaba ya kufungia ule waya wa kijani na manjano, huku mzee mwenye leseni akimwambia bado, bado, ongeza. Waya mpya ulikuwa umenyooshwa wote juu ya nyasi. Karavani ya majaribio ilikuwa imeunganishwa.

"Kumbe ni kweli," dada alisema, akanyoosha mkono kwenye kitasa cha mlango.

"Dada, usiguse!"

"Kwa nini?"

Mhandisi alitoka shimoni. Mtu huyu alikuwa amewahi kumweleza dada yake magonjwa ya ng'ombe, sheria za ardhi na namna ndege inavyotua kwenye ukungu, vyote bila kusita.

"Sijapima bado," alisema. "Sijui kama ni salama."

Dada aliurudisha mkono taratibu, akauweka nyuma ya mgongo pamoja na wa pili. Alimtazama kama mtu anayesikia lugha ngeni ndani ya nyumba yake mwenyewe.

"Basi pima," alisema. "Nasubiri."

Akasubiri karibu nusu saa, kwa sababu mita ya yule mzee ilikuwa imeisha betri, na Mhandisi alikataa kubahatisha.