Neno Moja Linatosha

Jumatatu, 9 Juni
Hilari amekula kona ya kamusi sasa hivi. Nimemtoa karatasi mdomoni kwa kidole, akanichekea na vimeno vyake. Mtoto mtamu! Kamusi ni ya jirani, Mwalimu Fortunatus. Nitasema panya.

Ijumaa Sista Theopista anachagua msaidizi wa chekechea. Anataka mwenye Kiingereza kidogo. Mimi niliishia la saba. Lakini nikipata, Hilari nitakuwa naye kutwa, siyo kumwacha kwa watu nikienda kufunga tumbaku. Maneno mengi siyawezi. Basi nimepata akili: neno moja, maana nyingi! Run. Mtu anakimbia, run. Makamasi yanatiririka, run. Kitenge kinachuja rangi, run. Unaendesha duka, run. Unagombea udiwani, run! Wenzangu wanahangaika na maneno mengine ya nini?

Jumatano, 11 Juni
Nimeropoka siri ya run bombani. Scola alikuwepo, na kazi anaitaka hiyohiyo. Akasema, mtani, hilo neno nimelichukua. Ukoo wao na wetu watani. Mtani akichukua chako, hununi. Ukinuna unatozwa kuku. Sina kuku. Nikacheka, meno tu.

Jioni nikamlipa kwa utani uleule. Nikamwambia kuna maana kubwa niliyomficha: run ni kupika uji. Akanishukuru!

Ijumaa, 13 Juni
Scola kaingia kwanza. Dirishani nikamwona anakoroga hewa kwa mikono miwili, run, run. Sista anafuta machozi kwa kicheko. Nikajua kazi yangu hiyo.

Zamu yangu. Sista akaniuliza jina kwa Kiingereza. Nikajibu run. Akauliza kingine, sijui nini. Run. Jasho! Mlangoni kasimama mtoto wa pale, makamasi mpaka kidevuni, analia. Nikamwonyesha Sista: run! Maana ndiyo yenyewe. Nikamfuta kwa kitenge, nikampakata pamoja na Hilari niliyekuja naye, nikambembeleza mpaka akasinzia. Sista akatuangalia sana. Akasema nianze Jumatatu, Hilari nimlete, ila Kiingereza nikiache nyumbani.

Na Scola kapata! Mpishi wa uji. Sista alidhani ameomba jiko. Scola anasema, mtani, asante, umenifundisha vizuri. Hununi, hununi.

Jumamosi, 14 Juni
Nimewaza sana. Kilichonipa kazi ni run, hasa ile ya makamasi. Kumbe neno moja linatosha! Sasa nataka ualimu kabisa. Mwalimu Fortunatus anasema lipo neno lingine, set, maana zake zimejaa kurasa. Kona ya kamusi wala hakuishangaa, kumbe panya kweli anao. Set nitaimeza yote kabla ya Jumatatu. Scola amekuja kututembelea, yuko ndani anacheza na Hilari. Safari hii simwambii hata herufi. Kamusi nimeificha chini ya mto, pale mtoto hawezi kabisa kui—

Scola anaita. Anasema, mtani, wahi, huyu mwanao anatafuna—