Kamera Iliyorudi na Harusi Ndani

Ridhwan alipoipata ile kamera ya mtumba, kasoro yake moja tu ilimkera: ilikuwa rahisi mno. Ukizungusha kigurudumu cha juu mpaka kwenye alama ya kijani, inajipangia mwanga yenyewe. Kazi yako kubonyeza. Sasa mjanja wa Mji Mkongwe atakula wapi?

Basi kila akiiuza, hukizungusha kigurudumu upande wa mafundi na kuvuruga mipangilio, picha zikatoka giza tupu. Mnunuzi hurudi kanywea. Ridhwan humpa pole, akainunua kwa robo ya bei. Kesho iko kabatini inameta, inamsubiri mwengine.

Zamu hii mwengine huyo alikuwa Bi Kazija wa Bububu, aliyekuwa akimwoza binti yake. Harusi ilipopita, akairudisha.

"Imenshinda, mwanangu."

"Pole, Bi Kazija. Kamera hizi zina wenyewe."

Akapokea robo yake, akaaga. Alipofika kizingitini akageuka, kashika kichwa.

"Yarabi! Usiiwashe! Nshasahau, mna picha za wanawake humo. Siku ya ngoma tulikuwa wenyewe kwa wenyewe, vichwa wazi. Hata simu tulizikusanya mlangoni. Bi Saadiya yumo, na bintiye Nadra, wanacheza!"

Ridhwan akauondoa mkono kwenye kamera. Nadra ndiye msichana aliyepeleka posa kwao, jibu lilikuwa Ijumaa hii, na alimpenda kweli, bila ya ujanja wowote.

"Lakini picha si zilitoka giza?"

"Giza umelijuaje wewe? Nlizungusha mpaka kwenye kijani, zikatoka kama mchana."

"Si umesema imekushinda?"

"Uzito. Shingo yote inaniuma."

"Basi nizifute."

"Utafutaje bila ya kutazama? Na Bi Saadiya akisikia umemtazama?"

Hapo mjanja akakwama. Kuiwasha balaa, kubaki nayo balaa zaidi. Akamsukumia kamera, na juu yake bei yote aliyoilipa bibi huyo, akimsihi kwa Mungu asimtaje kwa mkwewe.

Bi Kazija akatia pesa mkobani, akamwelekezea kamera, akabonyeza.

"Njoo uone ilivyo rahisi."

Ridhwan akafumba macho.

"Fumbua, mwanamme wee! Kadi yenye picha za harusi nshaitoa, iko nyumbani kwenye sanduku langu. Hii nyengine."

Akafumbua. Mlikuwa na picha mbili tu: sinia la biriani, na yeye mwenyewe mdomo wazi, mwanga umemkaa sawasawa.

"Hii ya pili," akasema Bi Kazija akitoka, "nampelekea Bi Saadiya. Naye ana haki ya kumtazama mkwe."