Shemeji Achapa Umeme

Duniani kuna wawili tu wanaolielewa jua: Muumba wake na shemeji yangu. Na kwa maelezo ya shemeji, huyo wa kwanza hajamaliza kujisomea!

Shemeji, mume wa dada yangu, ni mchapaji wa mabango. Mheshimiwa yeyote uliyemwona akikukenulia meno ukutani, kapita mikononi mwake. Siku moja akagundua kwamba sola siku hizi si lazima iwe kioo: kuna wino maalumu unaochapwa tabaka kwa tabaka juu ya plastiki laini, ukaikunja kama mkeka, na kwa bei ya chini. Akaagiza wino. Kipande chake cha kwanza, kama kiganja tu, kikawasha taa kweli! Basi, hakukukalika tena.

"Viwanda vya kioo vijiandae kufa," akatangaza.

"Vimeshapewa taarifa?" nikauliza.

Mwalimu mkuu wa shule ya jirani, mwenye madarasa ya giza, akaahidi: akiona kwa macho yake sola hiyo inaendesha kazi ya maana, mapaa yote ya shule ni ya shemeji. Dada alifurahi mpaka akatoa machozi, maana mabango yalikuwa hayalishi watoto. Na pa kujaribia? Kwangu, mimi kinyozi. Nani mwingine wa kuonewa?

Asubuhi shemeji akapanda paani, akaishusha sola yangu ya kioo, kuukuu lakini ya kuaminika, akatandika lidude lake.

"Usichungule. Siri ya kiwanda!"

Kiwanda chenyewe ni chumba kimoja, nusu yake kabati la nguo.

"Betri ina chaji kidogo ya jana," nikamkumbusha. "Niichomoe?"

"Iache. Leo itafurika!"

Mwalimu mkuu akaja, akakaa kwenye kiti mwenyewe. "Ninyoe kipara. Nataka ushahidi."

Mashine ikanguruma. Shemeji akatanua kifua. "Umesikia, mwalimu? Hilo ni jua, limepita kwenye wino wangu!"

Nikamaliza upande wa kulia. Nikafika utosini. Mashine ikakohoa, ikakata roho.

"Wingu hilo," akasema shemeji.

Tukachungulia nje. Jua lilikuwa linapasua vichwa, hasa cha mwalimu, ambacho nusu yake sasa ilikuwa haina kinga.

Tukapanda ngazi sote, mwalimu na taulo lake shingoni. Kumbe! Upande wa kupokea jua, kutoka pembe hadi pembe, alikuwa amelala shemeji mwenyewe: suti nyeusi, mikono kifuani, rangi nzito nzito, na maandishi MFALME WA NURU. Mchapaji akiachiwa plastiki tupu, atalala vipi?

"Shemeji," nikamuuliza, "mwanga unaingilia wapi?"

Akajitazama. "Pale... pembeni mwa masikio."

Nilicheka mpaka ngazi ikayumba. Kisha nikamkumbuka dada, kicheko kikanikauka.

Mwalimu mkuu alikuwa anapapasa kichwa chake, nusu hii, nusu ile. "Mchana huu nina mkutano wa wazazi," akasema taratibu. "Hivi wewe, kofia unachapa?"

Shemeji akafufuka. "Nachapa, mwalimu! Nembo ya shule mbele, jina nyuma! Nikuandalie ngapi?"

"Moja. Sasa hivi."