Funguo Zilizoachwa Nje

Jumatatu, 3 Machi 2025
Wiki ya mwisho ya majaribio yangu. Ijumaa Madam Helen ataamua kama mimi, Tarcisio Oola, nabaki kazini au narudi Kasubi kuuza chaja. Lazima nionekane.

Wenye maduka ya jumla wa Kikuubo, hapa Kampala, huagiza mali kwa simu kupitia mfumo wetu. Kampuni moja ya nje inawatambua na kumpa kila mmoja tokeni, yaani kibali cha kuingilia, yenye sahihi yake. Programu yetu huenda mtandaoni kuchukua funguo za kampuni hiyo, hukagua ile sahihi, halafu humruhusu mtu aingie. Leo nimeifuata anwani ya hizo funguo. Ziko wazi! Hakuna nenosiri, hakuna chochote. Hata muuza chapati wa pale chini amezifungua kwa simu yake, mikono ina unga. Baba yangu alitunza ghala la silaha la polisi miaka ishirini na miwili, na hata kuoga alioga na funguo kiunoni. Nimeshindwa kula.

Jumanne, 4 Machi
Nimemnong'oneza Madam kuhusu aibu hii. Badala ya kushtuka, akamwita Celestine, Mkenya wa meza ya pili, anayejua kila kitu na Kiswahili juu yake. Celestine akasema hizo ni funguo za umma, zimewekwa nje makusudi. Zinatambua sahihi tu, haziwezi kuiandika. Unaoandika ni ufunguo wa siri, na kampuni haimpi mtu. Nikaitikia kwa kichwa. Sikuelewa hata kidogo. Ufunguo usiofungua ni ufunguo wa nini? Huyu dada anaficha kitu.

Jumatano, 5 Machi
Nimechukua hatua. Funguo zote mbili zilizo kwenye ile anwani nimezinakili ndani ya programu yetu, na nimeikataza kwenda tena mtandaoni. Nakala ya karatasi iko drooni. Ufunguo wa droo uko kiunoni.

Programu inakimbia kuliko jana. Madam kanisifu mbele ya watu! Celestine akauliza itakuwaje kampuni ikibadilisha funguo. Nikamjibu kwamba Baba hakubadilisha kufuli hata mara moja. Wivu ni ugonjwa.

Alhamisi, 6 Machi
Wamebadilisha.

Tangu asubuhi hakuna anayeingia. Kwanza nilidhani tokeni zimeisha, kama zile za umeme, nikawaambia wateja wanunue nyingine. Wakauliza wapi. Sikujua. Jalia, muuza sabuni wa jumla, akaja mwenyewe na kitambulisho cha taifa, cheti cha ndoa na muhuri wa duka. Akasema, "Ssebo, bwana wangu, mimi niko Kikuubo mwaka kumi na tano, sasa simu anasema hajui mimi."

Nikalinganisha namba ya ufunguo iliyo kwenye tokeni yake na karatasi yangu ya drooni. Haimo. Nikamweleza kwa upole kwamba huenda yeye si yeye. Akakaa kwenye kiti changu na kukataa kuondoka.

Celestine akanivuta pembeni, akasema mficha uchi hazai. Nikakiri. Akairudisha programu mtandaoni: ikikutana na namba isiyoijua, ikachukue kwanza orodha mpya ya funguo. Dakika nne tu. Nilimchukia na kumshukuru kwa pamoja.

Ijumaa, 7 Machi
Madam kaniita. Kumbe Celestine alishamwambia kwamba kosa lilikuwa letu sote wawili. Kwa nini? Sijui. Nimeongezewa mwezi mmoja, chini ya Celestine. Madam akauliza nimejifunza nini. Nikasema nimejifunza sana. Akasubiri. Nikasema tena, sana.

Jumamosi, 8 Machi
Nimelala vizuri, na kosa langu nimelijua. Nilifungia ufunguo usio wenyewe! Nimeiandikia kampuni barua pepe, kwa heshima zote, watutumie ule wa siri niutunze mimi, maana kwao huenda hauko salama. Nakala nimempelekea Madam. Chini nimeweka jina la Celestine, ili naye apate sifa kidogo.