Barua ya Thelathini na Mbili

Mtaani Chemchem, Tabora, kwenye benchi la kahawa lililoegemea banda la Majidi fundi baiskeli, habari huwa haichemki kabla ya birika. Jumamosi ile ilichemka. Uwesu, fundi cherehani waliyembandika jina la Kipaza kwa kuwa hajui kunong'ona, alifika mbiombio, simu kaiinua juu ya kichwa.

"Matokeo yametoka! Mtihani wa mashua wa bwawani Igombe!"

Majidi alikuwa ameinamia gurudumu. Hakuinua uso, lakini spoku aliyokuwa akiikaza haikuwa na kosa lolote. Huyu ndiye wanayemwita Waraka. Aliishia darasa la saba, akajisomesha kwa magazeti ya kufungia sukari, na tangu hapo hajasahau kitu wala hajamsamehe mtu. Miaka miwili mizima aliiandikia Klabu ya Tanga Jeupe barua thelathini na moja, akitaka mashua zile zisiwe za watu wa ofisini peke yao. "Babu zetu walibeba mizigo ya dunia kutoka Tabora hadi pwani," aliandika. "Hatuwezi kushindwa na kitambaa kinachosukumwa na upepo." Klabu ikachoka, ikafungua mlango: yeyote aje, ilimradi afuzu mitihani yao ya siku zote, wa ubaharia, kisha wa unahodha.

"Soma," alisema Dionis. Huyu ni mrina asali wa Sikonge, ndiyo maana wanamwita Asali. Akitoa maneno matano kwa siku, amezidisha.

Uwesu akakohoa. "Waliofuzu ubaharia: Minza muuza dagaa. Sadiki fundi saa. Aliyefuzu unahodha... he! Asmahani muuza kahawa!"

Wote wakamgeukia Asmahani, anapuliza mkaa wake kama hakutajwa.

"Da Asma! Tangu lini?"

"Tangu nyie mnabishana. Nilikwenda kuwauzia kahawa, siku hiyo wamepungukiwa mtu wa kushika kamba. Nikashika."

"Na Waraka?"

"Asiyefuzu, mmoja." Uwesu alisoma polepole, anaonja kila neno. "Majidi. Mara ya pili. Maoni ya msimamizi: 'Ameamriwa kwenda kulia mara sita, ameingia kwenye matete mara sita. Akiulizwa, anadai matete ndiyo yaliyosogea.'"

Benchi zima likayumba kwa kicheko.

"Yalisogea," alisema Majidi.

"Umechemka, mwanangu!"

"Msimamizi yule ana ajenda."

"Na matete nayo yana ajenda?"

"Sikilizeni nyie! Mimi ni kilembwe wa kirangozi! Mtu aliyetangulia mbele ya msafara, wapagazi mia tatu nyuma yake, hakuna aliyethubutu kumpita!"

"Alitoroka njiani, pale Tura," alisema Uwesu. "Ulisimulia mwenyewe hapa hapa. Aliutua mzigo wa shanga kichakani akarudi nyumbani kula ugali."

"Ule ulikuwa mgomo!"

"Wa mtu mmoja?"

"Kila mgomo unaanza na mtu mmoja!"

"Basi sawa. Ya babu wa babu yako unayakumbuka mpaka mboga aliyokula. Kulia na kushoto kwa jana umeshasahau."

Majidi akairudia spoku yake. Jana pale ufukweni, akiwa amelowa mpaka kiunoni na matete yamemning'inia shingoni, mwenyekiti wa klabu alimpa mkono wa pole, akatabasamu. "Tulikwambia, ndugu yangu. Haya mambo yana watu wake." Neno lile alirudi nalo mpaka nyumbani. Usiku alimtukana mwenyekiti mpaka akaishiwa matusi, akabaki na mtu mmoja tu wa kumtukana, naye ni yeye mwenyewe. Miaka miwili unapiga mlango mateke. Ukifunguliwa, unapita na ukuta.

"Nichekeni," alisema. "Ila leo alasiri ndiyo mara ya tatu, na ya tatu ndiyo ya mwisho. Nikianguka, yule bwana atabandika jina langu ukutani, kila mnyonge atakayekwenda aonyeshwe: hamfai, mwenzenu huyu hapa. Barua niliandika mimi. Na ushahidi nimewapa mimi."

Kicheko kikakatika. Asmahani akaweka birika chini.

"Kaa mwisho wa benchi. Hii ndiyo mashua. Uwesu, shika kanga yangu uitandaze, wewe ni tanga."

"Tanga linaongea?"

"Halitakiwi. Dionis, nipe pampu ya baiskeli." Akamshikisha Majidi pampu ile nyuma ya mgongo. "Hicho ni kijiti cha usukani. Haya, kulia!"

Majidi akaivuta pampu kulia.

"Matete," alisema Dionis.

"Nimevuta kulia mbele ya macho yenu!"

"Ndiyo kosa lako," alisema Asmahani. "Umezoea baiskeli, mkono unakoelekea ndiko gurudumu linakokwenda. Kijiti hiki ni kinyume. Ukitaka kulia, kisukume kushoto."

"Huo ni uonevu! Nani aliamua?"

"Maji."

"Maji yaliitisha kikao?"

Wakajaribu mara kumi. Mara kumi Dionis akasema, "Matete." Ya kumi na moja akavua kofia, akajikuna.

"Kaka Waraka. Wewe maisha yako yote ukiambiwa kaa, unasimama. Ukiambiwa simama, unauliza kwa sheria ipi. Leo umepata chombo pekee duniani kinachotaka mtu mbishi, na ndicho unachokitii?"

"Asali kamaliza maneno ya mwezi mzima," alisema Uwesu.

"Tanga, nyamaza."

Majidi aliitazama pampu kama ndiyo kwanza wanatambulishwa. "Kwa hiyo amri ikija ya kulia..."

"Ipinge."

"Kulia!" alipiga kelele Asmahani.

Majidi akakunja uso vile anavyoukunja akimwona mwenyekiti, akaisukuma pampu kushoto kwa nguvu zote. Tanga likapigwa mbavuni, likalia "Mama yangu!"

"Tumegeuka," alisema Dionis.

Alasiri walipanda baiskeli wote kwenda Igombe. Nahodha wa mtihani alikuwa Asmahani. Wa nchi kavu walisikia kila kitu.

"Kulia!"

"Sikubali!" alijibu Majidi, na mashua ikageuka kulia taratibu, kama imebembelezwa.

"Kushoto!"

"Haiwezekani!" Mashua ikaenda kushoto.

Msimamizi aliandika huku ameuma midomo. Mwenyekiti hakutabasamu kabisa. Mara ya tisa, Majidi aliponguruma "Mpaka nife!", mashua ikatia gati bila kugusa tete hata moja, na Uwesu akamkumbatia mtu asiyemjua.

Kesho yake Majidi alifika kijiweni na kofia ya klabu, yenye nanga mbele. Alikaa katikati ya benchi. Baiskeli mbili za wateja zilimsubiri, hakuzitazama.

"Hongera, kaka," alisema Dionis. "Na mimi nataka kujiunga. Ila ule mtihani ufutwe. Uliandika mwenyewe, barua ya kumi na nne. Ni ukuta wa kumzuia mnyonge."

Majidi akanywa funda la kahawa. Akaiweka sawa kofia.

"Dionis, ndugu yangu, kuna utaratibu. Haya mambo yana watu wake."

Majidi mwenyewe aligeuka nyuma kutazama nani kaongea. Nyuma palikuwa na ukuta wa banda lake.

"Da Asma," alisema Uwesu, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake alinong'ona, "karatasi ipo?"

"Ipo ya kufungia kashata."

"Andika. Barua ya thelathini na mbili. Kwa Mwenyekiti. Tunamlalamikia mwanachama wenu mpya, mwenye kofia..."

Majidi akaivua kofia, akaiweka chini ya benchi. Akachomoa kalamu sikioni.

"Leteni hapa," alisema. "Malalamiko hayaanzi hivyo. Yanaanza, 'Sisi wananchi.' Na jina lake liandikwe kamili, asipate pa kujificha."