Matembezi Uliyoniandikia na Mbuzi Ninayemtafuta

Jilore, Jumamosi

Kwa Nesi Moraa,

Shikamoo. Naanza kwa kukuungamia jambo ambalo hata mama yangu sijamwambia: yule mbuzi hayuko. Hajawahi kuwako.

Utakumbuka nilikuja zahanati mwezi mmoja baada ya kumaliza kidato cha nne, nikakwambia sitoki chumbani, na hata kuchana nywele naona kazi. Ulinishauri nitembee kwa kasi nusu saa kila asubuhi kando ya msitu, peke yangu, nisikilize ndege, na moyo utatulia. Nimetii. Kwa heshima nakuletea malalamiko yangu.

1. Huku kwetu mtu hatembei tu. Siku ya kwanza Mama Pola, jirani yetu, aliniona nakwenda mbio bila ndoo wala jembe, akaniuliza ni nani aliyefariki. Niliona haya kumwambia natembeza moyo. Nikasema natafuta mbuzi.

2. Akajifunga leso kiunoni. "Basi twende, mwanangu. Kwa macho yalivyokuvimba hayo, hutamwona."

3. Kufikia Ijumaa tulikuwa saba. Bi Kavata wa mahamri huja na chupa ya chai. Joram wa kwaya huja na filimbi. Ndege sijamsikia hata mmoja.

4. Nilisema mbuzi ni mweupe, nikanyamaza. Wao wamemwongezea doa sikioni na mimba. Mama Pola ameshaahidiwa mtoto mmoja, na si mimi niliyemwahidi.

5. Kule kuvuta pumzi polepole ulikonifundisha hakuwezekani. Jumanne Joram alimwita mbuzi kwa sauti ya kwanza, kichaka kikajibu, akatoka ng'ombe wa watu. Nilicheka mpaka nikakaa chini. Hilo halikuwamo katika maagizo yako.

Kwa hiyo naomba uandike barua yenye muhuri, isomwe kanisani na msikitini, kwamba mgonjwa akiwa matembezini asisalimiwe, asiulizwe habari za nyumbani, wala asisaidiwe kwa lolote. Bila hivyo sioni nitakavyopona.

Nisalimie wote hapo zahanati, hasa yule dada wa dirisha la dawa aliyenipa kiti.

Mgonjwa wako mtiifu,
Sidi Kiponda

N.B. Leo mvua imenyesha, hawakuja. Nilikuwa nimechana nywele mapema, nikasubiri mlangoni hadi saa nne. Mwishowe nilikwenda kumbishia hodi Mama Pola, nikamwambia nimeona alama za kwato kule mtoni. Kesho tunaanzia huko. Barua ya muhuri usiiandike. Na nakusihi, Nesi, habari za mbuzi zisitoke chumbani mwako. Wakijua hayuko, kila mtu atarudi kwake.