Vita vya Makduus, na Jinsi Chupa ya Kwanza Ilivyouzwa Ajloun

Jongeeni, enyi wenye masikio, na nyinyi mnaouza sabuni, shanga na mashuka kwa njia ya simu jongeeni karibu zaidi, maana habari hii ni yenu kuliko ya mtu mwingine. Aliyeshika chai na aitue. Mwenye mtoto analia na ambembeleze kwanza, nitamngoja. Namwomba Mola anijaalie pumzi na maneno nisimulie mapambano ya Rasmiya binti Mutlaq, mke wa Dhaifallah, mama yake Qutaiba, simba wa vilima vya Ajloun, mponda vitunguu saumu asiyelia, ambaye kwa siku arobaini na moja alipigana, akaanguka, akainuka, akaanguka tena, ili apate kuuza chupa moja ya makduus kwa mtu mmoja mwenye kulipa.

Moja tu, atauliza mwenye haraka. Naam, moja. Wako waliotwaa miji kwa jasho dogo kuliko hilo, nami nilikuwa jirani wa ukuta mmoja, nikayaona yote na mengine nikayasikia bila kukusudia.

Mwanzo wa mambo ulikuwa hivi. Msimu wa mabilingani machanga ulipofika, yale yasiyozidi kidole gumba, Rasmiya alinunua magunia matatu, akayachemsha, akayalaza chini ya jiwe hadi yakatoka maji yote, akayajaza kokwa za jozi zilizopondwa na pilipili nyekundu na vitunguu saumu, akayazamisha katika mafuta ya zeituni, akapata chupa themanini, chupa themanini kamili, akazipanga safu kwa safu katika chumba cha chini ya nyumba, palipo na baridi na giza. Kisha akapanda darini na chupa moja na simu yake, akaipiga picha jua likichomoza, akafungua ukurasa mtandaoni, na jina la ukurasa likawa Makduus ya Mama Qutaiba.

Lakini hapana jemadari asiye na hasidi. Mufadi, shemeji yake, muuza matairi, alikuwa amekitamani chumba kile tangu kiangazi, na matairi yake yalikuwa yakilala uani kwake yakipasuka kwa jua. Wakakaa baraza ya ukoo, wakanywa kahawa, na Dhaifallah, mume mwenye moyo mwema na uti wa mgongo laini, akatoa hukumu.

"Mama Qutaiba, sikiliza. Zeituni za mwisho zikishakamuliwa, kama hakuna mtu aliyenunua, ukurasa unafungwa. Chupa tutakula wenyewe. Chumba anachukua Mufadi."

"Hakuna aliyenunua hata mmoja?"

"Hata mmoja."

"Basi nimekubali," akasema Rasmiya, maana alidhani ni jambo jepesi. Masikini, hakujua adui amelala wapi.

Adui hakuwa Mufadi. Adui alikuwa ameketi juu ya godoro karibu na jiko la mafuta ya taa, tasbihi mkononi, miguu ndani ya soksi mbili mbili, naye ni Hajja Wadha, mama yake Dhaifallah, hazina ya nasaba, mwanamke aliyejua babu wa kila mtu kuanzia mpaka wa Syria hadi bahari ya Aqaba. Mafuta yaliyomo katika chupa themanini yalitoka kwenye mizeituni yake. Kwa hiyo alikuwa na neno, na neno lake lilikuwa moja: kwa jamaa hatuuzi chakula. Jamaa hupewa.

Siku ya tisa likaja agizo la kwanza, na Rasmiya akalisoma kwa sauti, kosa ambalo angelijutia. Mwanamke aitwaye Suhad, wa Irbid, chupa moja.

"Suhad binti nani?" akauliza Hajja bila kuinua macho.

"Sijui, mama. Ameandika Suhad binti Fawwaz."

Tasbihi ikasimama. "Fawwaz yule mwenye duka la mbegu? Huyo mama yake ni binti wa mjomba wangu. Hebu nipe simu."

Naye akapiga, akajitambulisha, akalia kidogo, akauliza habari za walio hai na waliokufa, kisha akaamuru: "Dereva akija, usimpe hata senti. Ukimpa, nitakasirika mpaka kaburini." Chupa ikaenda Irbid bure, na nauli ya kifurushi akailipa Rasmiya.

Agizo la pili lilikuwa la mke wa binamu. La tatu, la binamu mwenyewe, aliyeagiza kwa siri mkewe asijue. Rasmiya akaona kwamba vita hivi havitashindwa karibu na nyumbani, akatwaa silaha nzito. Alichukua video ya mikono ya Hajja ikijaza mabilingani, ile mikono yenye chale za kijani za zamani, na Hajja akakubali kwa sharti kwamba ushanga wa buluu uonekane mbele ya chupa, jicho baya lipite mbali. Watu elfu nne wakatazama. Mia tatu na kumi na mbili wakaandika mashallah. Mashallah, ndugu zangu, ni neno tukufu, lakini halinunui jozi.

Basi akafanya ambalo wakuu wa vita hulifanya wakizingirwa: akapeleka mapigano mbali. Alilipia tangazo, akaliagiza lisionekane Ajloun, wala Irbid, wala Jerash, bali Aqaba peke yake, kule mwisho wa nchi, ambako hakuwa na jamaa hata wa kusingiziwa. Kesho yake likaja agizo. Mara hii alikwenda kulisoma bafuni. Lakini nyumba zetu kuta zake ni nyembamba, na Hajja macho yalikuwa yamepungua tu, si masikio.

"Nani wa Aqaba?"

"Hapana mtu, mama. Mgeni kabisa. Anaitwa Nuwair."

"Nuwair binti Salman? Waliokuwa Anjara, wakahama?"

Rasmiya akaegemea mlango. Jina la baba kwenye agizo lilikuwa hilo hilo.

"Mwaka wa theluji kubwa," akasema Hajja, na sauti yake ikalainika, "mama yake aliugua homa. Mama yangu akamchukua Nuwair, akamnyonyesha pamoja na mimi, siku kumi na mbili. Huyo ni dada yangu wa kunyonya. Miaka arobaini sijasikia sauti yake. Nipe simu, mwanangu, tafadhali."

Wakazungumza saa nzima, wakalia wote wawili, na hata mimi nyuma ya ukuta machozi yalinilenga. Chupa ikaenda Aqaba bure.

Hapo ukoo ukaanza kumcheka. Mufadi alipita kila jioni kupima chumba kwa kamba. "Shemeji," alisema, "wewe hufanyi biashara, unafanya sadaka. Mungu akulipe, maana wateja hawatakulipa." Naye Rasmiya akameza, akapanda darini tena, akapiga picha tena.

Siku ya thelathini na tano likaja agizo la Janset, Mcherkesi wa Jerash, na moyo wa Rasmiya ukaruka. Wahenga wa Janset walitoka milima ya Kaukazi na mikokoteni yao, hawana damu na mtu wa Ajloun. Safari hii alilisoma mbele ya Hajja, kwa majivuno, taratibu, jina na jina la baba na jina la ukoo. Hajja akavuta tasbihi. Akahesabu shanga tatu. Akahesabu saba. Dhaifallah, aliyekuwa akila mbegu za tikiti, akaacha kutafuna.

"Babu yake si alikuwa na kinu cha unga barabara ya Jerash?" akasema Hajja hatimaye. "Marehemu mume wangu gari lilimharibikia pale. Akalala kwao siku mbili. Alikula mkate wao na chumvi yao. Utamuuzia chakula mtu ambaye mumeo... ambaye baba mkwe wako amekula chumvi yake?"

"Mama," akasema Rasmiya, na sauti ilikuwa ndogo, "kuna mtu yeyote katika nchi hii ninayeweza kumuuzia?"

Hajja akafikiri kwa uaminifu wote. "Wako watalii," akasema.

Usinicheke ukisikia kwamba siku ile shujaa wetu aliingia chumba cha chini, akaketi kati ya chupa sabini na tano, akalia. Chupa tano zilikuwa zimekwenda kwa watu watano, na nauli tano zilikuwa zimetoka mfukoni mwake. Hakulilia fedha. Alikuwa na miaka arobaini na mitatu, na ukurasa ule ulikuwa kitu cha kwanza maishani mwake alichokianzisha mwenyewe.

Zikafika zeituni za mwisho. Siku ya arobaini na moja familia ilirudi kutoka kinuni na madumu ya mafuta mapya, mikono ikinukia, na Mufadi alikuwa ameshafika na pikapu, matairi yamepangwa juu yake kama mnara. Akateremsha la kwanza, akaliviringisha hadi mlangoni. Ndipo simu ya Rasmiya ikalia. Ulikuwa ujumbe wa sauti kutoka Aqaba, naye kwa kuchoka aliubonyeza mbele ya watu wote.

"Rasmiya mwanangu," ikasema sauti ya Nuwair, "nina neno, nimeona haya kulisema wiki tatu. Chupa yenu tuliimaliza siku nne. Mzee wangu aliifuta ndani kwa mkate mpaka ikang'aa. Nikataka nyingine. Nikajiuliza, naombaje? Nikiomba, dada Wadha atanipa bure tena, na mimi si ombaomba. Basi nimekwenda dukani. Nimenunua ile ya kiwandani. Ya mafuta ya alizeti. Mungu anisamehe, tunaila hivyo hivyo."

Hajja Wadha alikuwa amekaa juu ya dumu, na uso wake ukabadilika rangi. Alizeti. Dada yake wa kunyonya, damu ya maziwa ya mama yake, anakula alizeti, na yeye yu hai na mizeituni yake imesimama.

Ndipo Rasmiya binti Mutlaq akasimama mbele ya mlango wa chumba, tairi miguuni pake, akanena maneno ambayo Ajloun itayakumbuka.

"Mama, nisikilize, kisha unipige ukitaka. Tumewapa watu watano. Wote walisifu, wote walituombea. Yupo aliyerudi? Suhad karudi? Mke wa binamu karudi? Hakuna. Unadhani hawakuipenda? Wameona haya, mama. Umewapa mara moja, ukawafungia mlango wa mara ya pili. Nani atapiga simu kila mwezi kusema nipe tena bure? Lakini anayelipa hupiga simu bila haya. Anasema leta, na mimi nampelekea, na anakula mafuta yako mwaka mzima. Wewe unataka ndugu zako wale mafuta ya nani?"

Dhaifallah alitazama viatu vyake. Hajja akavuta shanga moja, akaisukuma, akaivuta tena, nami nikachungulia juu ya ukuta. Kisha akanyoosha mkono.

"Nipe simu."

Moyo wangu ukazama, maana mara zote alipoitaka simu, chupa ilikwenda bure.

"Nuwair," akasema, "alizeti, wewe? Hukuona haya kwa mama yangu?"

"Niliona haya kwako, dada."

"Basi utaletewa chupa. Na utalipa."

"Nitalipa, dada. Kwa moyo wangu wote."

"Na ya mwezi ujao utalipa."

"Nayo."

Hajja akaifunika simu kwa kiganja, akamgeukia Rasmiya. "Unauza kiasi gani?"

"Dinari saba, mama."

"Saba? Jozi zile nimezichambua kwa kucha zangu." Akairudisha simu sikioni. "Ni nane, Nuwair. Mgeni ningemwachia saba, hajui kilichomo. Wewe ni ndugu, unajua."

"Lete mbili," akasema Nuwair.

Mufadi akakohoa, mkono juu ya tairi. "Mama, na hizi niziweke wapi?"

"Peleka kwako, mwanangu," akasema Hajja. "Hapa ni duka."

Enyi mliosikia, hivyo ndivyo ngome ilivyoanguka. Hapakupigwa risasi wala ngoma, ila Dhaifallah alipiga kofi moja la furaha kisha akajifanya anafukuza nzi. Siku tatu baadaye dereva alituma habari kwamba kifurushi kimefika Aqaba, kimepokelewa, kimelipwa, na Rasmiya akausoma ujumbe huo mara nne, mara ya nne kwa sauti, bila kuogopa. Wafalme walioziteka Aleppo na Damascus na wasimame kidogo wampishe. Iandikwe kwamba katika mwaka huo, zeituni zikiwa zimekwisha kukamuliwa, mwanamke wa Ajloun aliuza chupa mbili za makduus kwa dada wa kunyonya wa mama mkwe wake, kwa bei ya juu, na undugu haukuvunjika. Mwenye shaka na aende akabishe hodi mlango wa chini. Lakini ashike dinari nane mkononi, hata akiwa mjomba.